Fremu Iliyopotea kwa Maneno Matatu

Kisa hiki ni cha shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi cherehani hapa Tanga. Nilimwomba ruhusa ya kukisimulia, naye akanijibu, "Mwalimu, waeleze tu. Mimi limeshanipata, lakini kuna wengine kesho watashika kalamu kama nilivyoishika mimi." Jina lake sitalitaja, wala la mwenye nyumba. Ninachotaka uondoke nacho, ndugu msomaji, ni maneno matatu ya Kiingereza yaliyomtoa katika fremu aliyoipamba kwa jasho lake: "may", "shall" na "must not".

Nakiri tangu mwanzo kwamba mkataba ule niliuona kabla hajausaini. Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 23, na mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Kwa hiyo simnyooshei kidole shemeji. Naandika kama mtu aliyejikwaa kwenye jiwe lile lile.

Shemeji alikuwa ameshonea barazani kwa watu kwa miaka mingi, akikusanya cherehani zake kila jioni na kuzirudisha ndani. Siku moja akapata fremu kwenye mtaa wenye wapita njia wengi. Mkataba ulikuwa wa miaka 3, kurasa 4. Alinijia usiku, akanikuta nasahihisha madaftari. "Shemeji, hebu nitazamie huu," akasema. Nikazigeuza kurasa. Nikatazama kiasi cha kodi, tarehe na tahajia ya jina lake. Nikamrudishia. "Hauna neno. Mikataba ya pango ndivyo ilivyo."

Sikutumia hata dakika tano.

Nyumbani kwake aliusoma mwenyewe kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, akisaidiwa na simu. Vifungu vitatu ndivyo vilivyomhusu zaidi. Kimoja kilisema: "The Tenant must not sublet any part of the premises." Yeye akakielewa kwamba si lazima mpangaji apangishe sehemu ya fremu kwa mtu mwingine, akitaka atapangisha, asipotaka ataacha. Cha pili: "The Tenant shall give written notice of his wish to renew at least sixty days before the end of the term." Akaelewa kwamba wakati ukifika mpangaji atatoa taarifa, yaani maelezo tu ya jinsi mambo yatakavyokwenda. Cha tatu: "The Landlord may renew this lease for a further term of three years." Akaelewa kwamba miaka 3 ikiisha mwenye nyumba ataongeza mingine 3.

Kwa imani hiyo ya miaka 6 akaanza kujenga. Aliweka vigae sakafuni, mlango wa kioo, kabati ndefu ya vitambaa na chumba kidogo cha wateja kujaribia nguo. Akavuta nyaya za umeme za kutosha cherehani 4 na overloki. Mwaka wa pili kodi ilipomwelemea, akampa kijana mmoja wakala wa fedha za simu kona ya mbele, naye kijana akawa anachangia kodi kila mwezi. Mambo yakaenda vizuri.

Mwezi wa mwisho wa mkataba ulipoingia, shemeji alikwenda kwa mwenye nyumba na kodi ya miezi 6 mkononi. Mzee hakuipokea. Alimwambia kwa upole kwamba fremu ina mtu mwingine, kwamba hakuletewa barua yoyote siku 60 kabla, na kwamba hata angeletewa, mkataba ulishavunjwa siku kijana wa simu alipoweka meza yake pale. Shemeji alitafuta wakili. Wakili akausoma mkataba mara mbili, akauweka mezani. "Ndugu yangu, mzee hajakudhulumu hata kifungu kimoja. Amefanya kilichoandikwa."

Vigae having'oki vikabaki vizima. Vilibaki pale pale.

Usiku ule nilichukua nakala ya mkataba nikausoma upya, safari hii polepole. Nikaona kwamba makosa yote matatu yalitokana na mambo ambayo mimi mwenyewe nimeyaandika ubaoni miaka yote. Naomba tuyapitie pamoja.

Tuanze na "must not", kwa kuwa ndilo lenye mtego mkubwa zaidi kwetu tunaofikiri kwa Kiswahili. Darasani tunaandika "must" ni lazima, na "not" ni si. Mwanafunzi anajumlisha: "must not" ni si lazima. Hesabu inaonekana sahihi, lakini jibu ni kosa. Kiswahili kikisema "si lazima uje", ile "si" inaondoa ulazima. Uje au usije, hakuna wa kukuuliza. Kiingereza hakifanyi hivyo. Katika "must not" ulazima unabaki pale pale, kinachokanushwa ni tendo. "You must not come" maana yake ni lazima usije, yaani usije kabisa. Kiingereza kikitaka kuondoa ulazima hubadilisha maneno, kikasema "you do not have to come" au "you need not come". Hiyo ndiyo si lazima yetu. Kwa hiyo sentensi ambayo shemeji aliisoma kama hiari ilikuwa katazo.

Sasa "may". Kiswahili kina kitenzi kimoja chenye mgongo mpana, "kuweza". Tunasema fundi anaweza kubeba cherehani, na hapo ni nguvu. Tunamwambia mtoto unaweza kwenda kucheza, na hapo ni ruhusa. Tunatazama mawingu na kusema mvua inaweza kunyesha, na hapo ni jambo lisilo na hakika. Kiingereza kinaugawa mzigo huo kwa maneno kadhaa, "can", "could", "may" na "might", na katika maandishi ya kisheria "may" ni hiari ya anayetajwa. "The Landlord may renew" ni kusema mwenye nyumba akipenda ataongeza, asipopenda hataongeza. Ukilitafakari zaidi utaona kwamba kifungu kile hakikumpa mpangaji chochote. Mwenye nyumba alikuwa na hiari hiyo hata bila kuandikwa. Shemeji alijenga juu ya sentensi isiyomwahidi kitu.

Neno hili lina uso mwingine linapokanushwa. Ukiambiwa "he may not come" kuhusu mgeni wa harusini, maana yake huenda asije. Lakini ukikuta kwenye kanuni au mkataba "the Tenant may not alter the building", maana yake mpangaji haruhusiwi kubadilisha jengo. Maneno ni yale yale; kinachotofautisha ni kama unapewa habari au unapewa sheria.

La tatu ni "shall", na hapa lawama yetu walimu ni nzito. Sisi tuliofundishwa kwa vitabu vya zamani tulikaririshwa kwamba "shall" huenda na "I" na "we" kuonyesha wakati ujao, na "will" huenda na wengine. Kanuni hiyo ina umri mkubwa. John Wallis aliiandika katika sarufi yake ya Kiingereza mwaka 1653. Lakini ilikuwa na nusu ya pili: "shall" ikiwekwa kwa mtu wa pili au wa tatu huwa ahadi, amri au wajibu. Nusu ya kwanza tukaifundisha, nusu ya pili tukaiacha. Mwanafunzi akatoka shuleni akiamini kwamba "shall" ni "ata-" ya kawaida, kama mtu anayesema kesho atakwenda sokoni. Ajabu ni kwamba Kiswahili cha sheria nacho hutumia "ata-" kwa maana ya amri, na tukiikuta huko tunaitambua. Sheria ikisema mwajiri atamlipa mfanyakazi, hakuna anayedhani kwamba inatabiri. Sikio letu tunalo. Tunaliacha mlangoni tunapoingia kwenye Kiingereza.

Hapa Tanzania jambo hili limewekwa wazi katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53: katika sheria zilizoandikwa, "may" inapotoa mamlaka maana yake mamlaka hayo yanaweza kutumiwa au kuachwa kwa hiari, na "shall" inapotoa jukumu maana yake jukumu hilo lazima litekelezwe. Mkataba wa fremu si sheria ya Bunge. Lakini ukiona watunga sheria wametenga kifungu kizima kueleza maneno mawili, ujue uzito wake.

Na hata wenye lugha yao huteleza hapa. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani zilipoandikwa upya na kuanza kutumika Desemba 2007, "shall" iliondolewa kwa sababu ilikuwa ikibeba maana zaidi ya moja, na mahali pake wakaweka "must", "may" au "should" kulingana na maana iliyokusudiwa. Tusione aibu kuuliza.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu katika kisa hiki yalikuwa mengi. Ningependa tukae hapa kidogo, kwa sababu sarufi unaweza kuisahau, lakini dalili ukizijua zitakushtua hata siku ambayo huna mwalimu karibu.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye karatasi yenyewe. Karibu kila sentensi iliyoanza na mpangaji iliendelea na "shall" au "must". Karibu kila iliyoanza na mwenye nyumba iliendelea na "may". Mwandishi wa mkataba habadilishi neno kwa kupamba lugha. Akitumia maneno mawili ndani ya ukurasa mmoja, amekusudia mambo mawili. Hata asiyejua maana zake angeweza kuuliza: kwa nini mimi nina neno langu na mzee ana lake?

Dalili ya pili ilitoka kinywani mwa mwenye nyumba. Siku ya kusaini shemeji alimwuliza, "Mzee wangu, miaka 3 ikiisha tutaendelea?" Mzee akajibu, "Tutaangalia, fundi." Hakusema ndiyo. "Tutaangalia" ndiyo "may" kwa Kiswahili chetu cha kila siku, na shemeji aliisikia kwa lugha ya mama yake. Lakini moyo ulikuwa umeshapenda fremu, ukasikia ulichotaka.

Dalili ya tatu alikuwa jirani, muuza vipuri vya pikipiki. Mwaka wa pili huo alimwambia shemeji kwamba yeye barua ya kuomba kuendelea huipeleka mapema, kwa maandishi, na nakala husainiwa na mzee. Shemeji alidhani ni woga wa mtu asiyeelewana na mwenye nyumba.

Dalili ya nne ilikuwa ukimya. Mzee alipita siku moja, akaiona meza ya wakala. "Huyu ni nani?" akauliza. "Kijana wangu, Mzee, tunasaidiana kodi." Mzee akatikisa kichwa akaenda zake. Shemeji akahesabu ukimya ule kuwa ridhaa. Kumbe ulikuwa kumbukumbu.

Dalili ya tano ni yangu, na ndiyo inayoniuma hadi leo. Kijana wa simu alipoingia, shemeji aliniambia tukiwa kwenye hitima, "Mkataba wenyewe unasema si lazima kupangisha, ukitaka unapangisha." Niliisikia sentensi ile kwa masikio yangu, nikaitikia, nikaendelea kunywa chai. Laiti ningejiuliza swali moja: ni mwenye nyumba gani atakayemlipa mwandishi wa mikataba ili amwambie mpangaji kwamba si lazima apangishe? Nani aliwahi kudhani kwamba ni lazima? Kifungu hakiandikwi bure. Tafsiri inayokifanya kifungu kikose kazi ni tafsiri mbovu, na hiyo ni dalili anayoweza kuiona hata asiyejua sarufi.

Usidhani jambo hili ni la mafundi na wapangaji tu. Wakubwa wamejikwaa hapa, na kwa lugha nyingine pia. Mei 1889 Mfalme Menelik wa Ethiopia alitiliana saini na Italia mkataba wa Wuchale. Kifungu cha 17 kwa Kiamhara kilimpa Menelik nafasi ya kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine, akitaka. Kwa Kiitaliano kifungu hicho hicho kilisomeka kama amekubali kuitumia, na Italia ikaitangazia Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba mwaka 1893, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi yakakutana Adwa, Italia ikashindwa. Italia ilikuwa na tamaa yake hata bila kifungu kile, lakini mlango iliopitia ulikuwa pengo kati ya hiari na wajibu. Pengo hilo hilo ndilo lililompokonya shemeji fremu.

Nasi tunalikuta kila wiki. Karatasi ya dawa ikisema "must not be taken with alcohol", haisemi si lazima unywe na pombe, inakataza. Ikisema "may cause drowsiness", haisemi utasinzia. Inasema huenda ukasinzia, kwa hiyo usishike usukani kabla hujajijua. Tangazo la kazi likisema "applicants should attach copies of certificates", usiichukue "should" kama ushauri wa rafiki. Ofisi ikikuambia inakupasa, ambatisha. Na kijana anayeahidiwa kazi ng'ambo akionyeshwa karatasi inayosema "you could earn" kiasi fulani, ajue kwamba hajaambiwa atalipwa kiasi hicho. Ameambiwa inawezekana. Atafute mahali palipoandikwa "the employer shall pay", na kama hapapo, asipande ndege.

Tufanye nini basi? Kwanza, tusome kwa kalamu mkononi. Kila unapokutana na "can", "could", "may", "might", "shall", "should", "will", "would" au "must", lizungushie duara. Ni maneno tisa tu. Pili, kila duara liulize: hapa nani analazimika, nani anakatazwa, nani ana hiari, na lipi halina hakika? Andika jibu pembeni kwa Kiswahili kamili: lazima, ni marufuku, si lazima, akipenda, huenda. Usiandike "anaweza" peke yake, kwa sababu neno hilo litakufichia maana tatu. Tatu, ukiona "not" karibu na duara, simama kabisa. Hapo ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana njia. Nne, ahadi ya mdomo iombe iingie kwenye karatasi. Kama shemeji angeomba "may" ibadilishwe kuwa "shall", mzee angekubali au angekataa, na kwa vyovyote ukweli ungejulikana kabla ya kigae cha kwanza. Tano, omba mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Nyie wawili mnaelewana kwa Kiswahili, mnapatana bei kwa Kiswahili. Hakuna sababu ya kufungana kwa lugha ambayo mmoja wenu anaibahatisha.

Nanyi walimu wenzangu, nawasihi. Tusiandike tena ubaoni orodha ya neno kwa neno, "must" lazima, "may" anaweza, "shall" ata-, halafu tukafuta ubao kengele ikilia. Tunahangaika sana kuwazuia wanafunzi wasiseme "he cans" au "must to go", na ni sawa, lakini makosa hayo humpotezea mtu alama moja tu. Makosa ya maana humpotezea nyumba. Tuwape mkataba wa pango, karatasi ya dawa, barua ya kazi, tuwaulize nani analazimika hapa. Mimi nimeanza hivyo na kidato cha tatu, na mkataba wa kwanza tuliousoma ulikuwa wa shemeji, majina yakiwa yamefutwa.

Shemeji alirudi barazani. Mwezi uliopita alipata fremu nyingine, ndogo kuliko ile, akaniletea mkataba. Safari hii nilimwambia alale nao usiku mzima, nami nikalala nao usiku wa pili. Tulikuta "may" mbili zilizohitaji kuulizwa. Tukaziuliza, moja ikabadilishwa, nyingine ikabaki, na akasaini akijua kwamba imebaki.

Wewe uliye na karatasi ya Kiingereza mezani inayosubiri saini yako, usiisaini leo. Itafutie mtu wa kuisoma nawe, na huyo mtu, hata akiwa mwalimu kama mimi, usimkubalie akikuambia baada ya dakika tano kwamba haina neno.